Kusubu chubwi za mshipi nyumbani kwa bei chee: risasi za rimu, kalibu na jiko la mkaa

Mshipi_Mrefu

Wakuu, huu uzi niliuahidi tangu mfungo. Leo mvua imenifungia ndani, ngoja nilipe deni.

Mimi si mvuvi wa kutegemea bahari kwa ugali wa kila siku. Nina kazi ya watu mjini, ila Ijumaa usiku huwa natoka Kunduchi na mashua ya shemeji, mshipi wa mkono, tunatafuta changu na chewa kwenye miamba. Anayevua mwambani anaijua shida yangu. Unashusha, chubwi (kizito cha mshipi) inaingia kwenye pango la matumbawe, unavuta, unazunguka upande wa pili, unavuta tena, mwisho unakata. Kuna usiku niliacha chubwi 7 chini ya bahari nikarudi na tasi 3. Dukani nilikuwa nanunua ya gramu 150 kwa 2,000. Pigeni hesabu wenyewe: kila tasi alikula karibu 5,000 ya risasi peke yake, bado mafuta ya mashine na chambo.

Ndipo nikaanza kusubu mwenyewe, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, kifaa cha kuipa umbo. Nina mwaka na zaidi sasa, nimekosea karibu kila kinachoweza kukosewa, na kosa moja lilibakiza kidogo linitoe jicho. Nitafika huko.

Risasi yenyewe naitoa kwenye magereji ya tairi, vile vidude vinavyogongewa au kubandikwa kwenye rimu wakati wa wili balansi (kusawazisha gurudumu). Vijana wanavitupa kwenye kopo la rangi. Wa kwanza alinipa bure, alipoona nimerudi mara ya pili na mfuko mkubwa zaidi akaanza kuuza kwa kilo. Ndiyo Dar.

Sasa msinunue kopo zima mkadhani ni risasi tupu. Ulaya walipiga marufuku vipande vya risasi kwenye magari madogo tangu 2005, na magari mengi yanayoshuka bandarini kwetu kutoka Japani yanakuja na vipande vya chuma. Katika kilo 10 nilizobeba mara ya mwisho, risasi halisi ilikuwa kama kilo 6. Napitisha sumaku ya spika mbovu kwanza. Kinachonasa ni chuma, weka kando. Vinavyobaki angalia maandishi madogo mgongoni: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kama hayasomeki, kibane kwa koleo la kukatia waya. Risasi inaingia kama sabuni ya mche, zinki inagoma. Au kidondoshe sakafuni: risasi inasema "pu", zinki inalia kama sarafu.

Kwa nini nahangaika na zinki? Kwa sababu ikiyeyukia ndani, sufuria nzima inakuwa uji. Haimwagiki vizuri, haijazi pembe za kalibu, na kuitoa humo ni mateso. Bahati nzuri risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 na zinki inasubiri mpaka karibu 420, kwa hiyo usipochochea moto kama unachoma kuku, kipande cha zinki kilichokuponyoka kitaelea juu pamoja na zile klipu za chuma. Unakiopoa na kijiko chenye matundu.

Nayeyushia kwenye kikaango cha chuma kizito, jiko la mkaa, nje kabisa, upepo ukinipiga mgongoni. Si sufuria ya alumini. Najua alumini inayeyuka mbali huko nyuzi 660, lakini ikishika moto inalegea, na kilo 4 za risasi ni mzigo mdogo kwa macho tu. Kikaango hicho hakirudi jikoni tena, hata kwa kukaanga karanga. Nimekipiga rangi nyekundu mpini ili asitokee wa kusema hakujua.

Ikishayeyuka juu kunakuwa na taka za kijivu, grisi na vumbi la breki. Dondosha kipande cha mshumaa ukubwa wa punje ya hindi, koroga. Itatoa moshi na pengine itawaka, usishtuke, rudisha uso nyuma tu. Ile nta inarudisha risasi iliyokuwa imeungua juu, na uchafu unajitenga. Ukishakwangua taka unabaki na kitu kinachong'aa kama kioo. Taka hizo zina kopo lake lenye mfuniko. Hazimwagwi bustanini.

Kalibu yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha mninga, nimekichonga kwa nyundo na patasi. Inafaa. Inaungua kidogo kila unapomwaga na umbo linapanuka taratibu, lakini chubwi 20 au 30 unazipata. Ya pili nilichongesha kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, vipande viwili vya alumini vinavyokutana kama sahani na mfuniko, umbo la tone, gramu 150. Nilitoa 40,000. Hiyo nitaiachia wanangu.

Kuna mambo mawili ya kalibu ya alumini hakuna aliyeniambia. La kwanza, chubwi 5 au 6 za mwanzo zitatoka na makunyanzi kama zabibu kavu. Si kwamba risasi mbaya, kalibu bado ya baridi. Zirudishe kikaangoni uendelee. Zikianza kutoka na weupe wa ukungu ujue sasa imezidi moto, pumzika unywe maji (mkono umenawa!). La pili ni kulainisha. Mimi nilipaka mafuta ya kula nikitegemea itoke kirahisi, ikatoka imejaa matundu kama mkate wa mofa, maana mafuta yanaungua yanageuka gesi. Kinachotakiwa ni masizi. Washa mshumaa, pitisha kalibu juu ya ulimi wa moto mpaka iwe nyeusi vizuri, basi. Chubwi zinadondoka zenyewe ukiigonga kidogo kwa kipande cha mti. Kwa tundu la katikati natumia spoku ya baiskeli, nayo naisugua penseli ya mtoto kabla sijaiweka. Ikipoa nusu unaizungusha, inachomoka.

Maswali karibu.

Mgeni_wa_Pwani

Mkuu nimeingia mbio nikidhani ni risasi zile zingine 😂 Naona mshumaa, naona baiskeli, naona chewa.

Mshipi_Mrefu

Hahaha, Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Zile zingine siziongelei hapa. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015, ukitengeneza bila leseni hakuna mshumaa utakaokulainisha utoke.

Gereji_Buguruni

Kopo la rangi sisi tulikuwa tunatupa kweli. Sasa hivi wanapita vijana wa chuma chakavu kila wiki. Ukitaka, njoo asubuhi kabla yao. Na ongezea hapo kaka: zile za kubandika zina gundi na foami nyuma, ikiungua inatoa moshi unaokereketa koo. Zikwangue kwanza.

Kijana_wa_Feri

Kiongozi kwa nini mnahangaika na kopo za rimu? Betri moja ya gari imejaa risasi. Ukiipasua unapata kilo za kutosha, chakavu zipo kibao.

Mshipi_Mrefu

Dogo hapo naomba uniazime masikio yote mawili. Betri usipasue. Risasi ya mle ndani sehemu kubwa si kipande kigumu cha kuyeyusha, ni ule ungaunga uliolowa tindikali. Ukikauka unapeperuka, unaingia nguoni, kwenye nywele, kwenye godoro. Wenzetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, walijengewa kiwanda cha kuyeyusha betri pembeni ya nyumba. Watoto wakaugua, watu wakafa, kesi ikaenda mahakamani na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hiyo si hadithi ya kijiweni. Betri iliyokufa irudishe dukani, wengi wanakupunguzia bei ya mpya.

Nesi_wa_Mtaa

Naomba niingilie, kaka mwenye uzi umeandika vizuri ila umeliweka suala la sumu kwenye mabano kama chumvi ya kuonja.

Watu wanaogopa moshi. Kwa joto dogo hilo la mkaa, mvuke wa risasi yenyewe si mwingi. Kinachowaangusha ni mikono. Umeshika chubwi, umeshika sigara, umeshika mkate. Au umeingia ndani na shati lilelile, mtoto akakukimbilia akakushika shingoni. Mtoto mdogo mwili wake unanyonya risasi mara 4 mpaka 5 ya mtu mzima akiimeza, na WHO wanasema wazi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaenda kukaa kwenye mifupa miaka na miaka. Dalili hazina haraka: tumbo linanyonga, choo kinagoma, damu inapungua, mtoto anakuwa mzito darasani, na nyie mnasema karogwa au mvivu. Mjamzito asikaribie kabisa, inapita kwenda kwa mtoto tumboni.

Kwa hiyo nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu chochote cha mdomoni. Sakafu usifagie kavu, futa kwa kitambaa kibichi. Na nyie wavuvi mnaobana vile vichubwi vidogo kwa meno, nawaona pale ufukweni, acheni.

Mpiga_Kimia

Dada umenisema mimi 🙈 miaka 15 nabana kwa meno.

Nesi_wa_Mtaa

Koleo dogo ni bei ya soda chache. Ukipata nafasi kapime wingi wa damu, ni pa kuanzia, umweleze na daktari kazi unayofanya. Wengi hawasemi, na daktari hawezi kuota.

Mshipi_Mrefu

Dada nimepokea, na umenishika pabaya. Mwanzoni nilikuwa nafanyia uani, mita 3 kutoka kamba ya nguo za watoto. Mke wangu ndiye aliyenihamisha, bila hotuba: alitoa kikaango, mkaa na kalibu akavipanga nje ya geti kama mtu anayefukuzwa. Sasa naenda kwenye kiwanja cha jamaa ambacho hajajenga.

Haya, sasa lile la jicho. Limetokana na kupima uzito.

Risasi ina uzito wa gramu 11 na kidogo kwa kila mililita. Maana yake unaweza kuijua chubwi yako kabla hujaimwaga: jaza kalibu maji kwa bomba la sindano, hesabu mililita, zidisha kwa 11. Nikitaka gramu 100 nachimba shimo la mililita 9. Gramu 150, mililita 13 na nusu. Risasi nyingi za rimu zimechanganywa madini mengine kuzipa ugumu, kwa hiyo utapungukiwa gramu chache, bahari haitakudai.

Ujanja huo niliuona mtamu. Jumamosi moja nikachonga shimo jipya kwenye ile kalibu ya mninga, nikapima kwa maji, nikamwaga maji, nikafuta kwa tambara, nikaiweka juani kama nusu saa. Kwa macho ilikuwa kavu. Nikaichota risasi kwa upawa, nikamimina. Ilinyamaza kama sekunde moja hivi, halafu nikasikia "pwaa", ile sauti ya mafuta yakidondokewa na maji lakini mara 10 yake, na risasi yote ikatoka shimoni ikaja juu. Nilikuwa na miwani ya fundi wa grainda. Kioo cha kulia kilibaki na doa la fedha ukubwa wa kifungo cha shati, pale pale kwenye mboni. Kidevu nina kovu mpaka leo, na fulana ilitoboka matundu manne.

Maji yaliyokuwa yamejificha kwenye nyuzi za mti yaligeuka mvuke kwa mkupuo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Utokee wapi kama juu umeuzibia kwa risasi? Tangu siku hiyo kalibu ya mti napima kwa mchanga mkavu laini: najaza shimo, namimina mchanga kwenye bomba la sindano, nasoma mililita. Ya alumini nikiipima kwa maji naiweka juu ya jiko mpaka siwezi kuishika. Hata vipande vya kuongezea kikaangoni navipanga kwanza ukingoni mwa jiko vipate moto, maana kipande kilicholala nje usiku kina umande, na kijasho cha kwenye paji la uso nacho ni maji.

Kijana_wa_Feri

Aisee. Na moldi ya jipsamu? Niliona jamaa anatengeneza kwa ile ya dari.

Mshipi_Mrefu

Inawezekana, na inatoa umbo safi kuliko mti. Ila jipsamu ikikauka mkononi bado imebeba maji ndani ya unga wenyewe, yasiyoonekana. Inatakiwa ioke kwa moto mdogo masaa mengi. Mimi na kidevu changu tumeamua hapana.

Plagi_Mbovu

Mimi nawasoma tu. Plagi za pikipiki zilizokufa, kila kijiwe cha bodaboda zipo, bure. Nafunga mbili, nashusha. Sijawahi kuwasha jiko.

Mshipi_Mrefu

Kwa maji mafu (mkondo hafifu) nakuunga mkono. Tatizo ni bamvua, mkondo ukikaza. Plagi ni chuma na udongo, kwa uzito uleule ni donge kubwa kuliko risasi, mkondo unapata pa kusukuma. Mimi maji mafu nashuka na gramu 100, bamvua nafika 250 na bado mshipi unalala upande. Ukifunga plagi 5 zinakuwa shada la maua. Ila ndiyo, bure ni bure.

Mpiga_Kimia

Swali langu lilimezwa na meno. Mimi nahitaji vizito vidogo vingi vya kuzungushia pindo la kimia (wavu wa kutupa), hivyo vya tone havinifai. Kalibu ya vidogo 100 naitoa wapi?

Mshipi_Mrefu

Hauhitaji kalibu. Chukua engo ya chuma (ile yenye umbo la L), iliyoshika kutu kidogo ni nzuri zaidi, risasi haiing'ang'anii. Ipashe moto ikauke, ilaze kama mtaro, ziba ncha mbili kwa udongo uliokauka kabisa (narudia, kabisa), mimina mstari mwembamba. Unapata ufito. Ufito unaugonga kwa nyundo unakuwa utepe, unakata vipande vya sentimita 3, unavizungusha kwenye kamba ya pindo na kubana kwa koleo. Lakini kwa hilo usitumie ya rimu, ina ugumu, ukiigonga inapasuka. Tafuta laini: bomba la maji la nyumba za zamani, au ganda la kebo kuu za umeme za kizamani. Kwenye chakavu utaitambua, ukucha unaacha alama. Na uwe na risiti ya chakavu hiyo, kebo zina wenyewe.

Mzee_wa_Ngalawa

Vijana salaam. Nimesoma yote, mjukuu ananishikia simu. Sisi mwambani tulikuwa hatushushi risasi. Unaokota jiwe la ufukweni, unalizungusha mshipi na chambo pamoja, unamalizia kwa fundo la kuteleza. Unahesabu pima zako mpaka chini, ukigusa unavuta mkono juu mara moja, fundo linafunguka, jiwe linabaki, chambo kinaelea karibu na mwamba chenyewe bila cha kunasa. Chewa anakipenda hivyo. Mashuani unapakia mawe kama 40, hata yakiisha hujapoteza kitu.

Mshipi_Mrefu

Shikamoo mzee. Mwaka mzima na kovu la kidevu, na jibu lilikuwa ufukweni nalikanyaga nikipanda mashua!

Naomba kuuliza: fundo hilo linashika vipi kwenye mshipi wa nailoni? Juzi nilijaribu kitu kama hicho, likafunguka kabla ya pima 5.

Mzee_wa_Ngalawa

Marahaba mwanangu. Nailoni inateleza, zungusha mara 6 au 7 badala ya 3, na jiwe lisiwe la mviringo, liwe bapa lenye kiuno. Kulieleza kwa simu ni kazi. Nipo Kunduchi sokoni asubuhi, uliza ngalawa ya tanga la bluu.

Plagi_Mbovu

Mzee kawamaliza wote, mpaka mimi.

Kijana_wa_Feri

Sasa mkuu, ile kalibu ya 40,000 unaiuza?

Mshipi_Mrefu

Siuzi! Mawe ni ya mwambani. Kwenye mchanga, nikitafuta kolekole, chubwi inarudi na mimi nyumbani, na hapo risasi bado ni mfalme. Nilichofanya nimepunguza: zamani niliyeyusha kila mwezi, sasa labda mara mbili kwa mwaka, na hata Nesi wetu atalala vizuri.

Mzee, Jumapili ni bamvua, maji yanajaa saa kumi alfajiri. Nitakuwepo na mshipi wangu, mawe 10 yenye kiuno nimeshayatenga.

Mzee_wa_Ngalawa

Leta na vitumbua.